Nimelala hoteli ya kijani Mji Mkongwe, nikaanza ukaguzi kwenye kamba za mashuka

Kwanza niseme mimi ni nani, ili msomaji ajue natazama kwa jicho gani. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye usafi wa vyumba katika hoteli za Dar es Salaam. Nilianza kwa kutandika vitanda, nikastaafu nikiwa msimamizi wa dobi. Kwa hiyo nikilala hotelini siangalii sana picha za ukutani wala maua ya mapokezi. Naangalia mashuka, mataulo, sabuni, pipa la taka, na hali ya watu wanaofanya kazi nyuma ya ule mlango ambao wageni hawaingii.

Safari hii nilikwenda Unguja kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Wenyeji wetu walitutafutia hoteli nyuma ya Darajani, ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Mlangoni kuna kibao kinachosema hoteli ni rafiki wa mazingira. Jina lake siliandiki, kwa sababu nina kasoro za kuzisema na kijana aliyenipandisha juu kunionyesha mambo bado anapata riziki yake pale. Lakini nitaeleza nilichokiona kwa undani, na mwenye kutafuta malazi ya aina hii mjini, awe anakwenda Unguja, Mombasa au Kariakoo, atajua aangalie wapi.

Hukumu yangu naitoa mapema: ni hoteli nzuri, na mengi wanayojisifia ni kweli. Wanafanikiwa pale ambapo wafuaji, wapishi na watandikaji wamefundishwa kazi na kuachiwa waamue. Pale ambapo hawakuachiwa, mambo yameharibika, na mgeni anaona.

Nianze juu ya paa, iliko dobi. Upande mmoja kuna matangi ya maji na paneli za sola za kuchemshia maji ya kuogea. Upande wa pili kuna kamba za nailoni zilizokazwa kwenye vyuma, mashuka meupe yameanikwa yakiwa yamekunjwa katikati, foronya kamba yake, mataulo kamba yake. Mashine ya kukaushia hakuna. Nilimuuliza kijana wa dobi, akacheka: "Mama, jua lote hili, ya nini?" Nikazunguka mwenyewe kuhakikisha, kweli hakuna. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo kubwa. Kwenye hoteli niliyostaafia, mashine za kukaushia ndizo zilizokuwa zikila umeme kuliko kitu chochote katika idara yetu, zinazunguka mchana na usiku, na nje jua la Dar linawaka bure. Tuliomba tupewe sehemu ya kuanika. Wakubwa wakasema kuanika ni ushamba.

Kuanika mashuka ya hoteli nzima si kazi nyepesi. Shuka la kitanda kikubwa likilowa ni mzigo, na Mji Mkongwe una taabu zake. Upepo wa bahari una chumvi. Nguo ikikaa kambani mpaka jioni inaanza kunata. Kwa hiyo wanafua alfajiri, wanaanika jua likichomoza, na kabla ya adhuhuri wameshaanua. Halafu kuna kunguru. Ndege hawa waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji, wakazaana mpaka wakawa adha. Kunguru akitua juu ya kamba, mashuka kadhaa yanarudi majini. Kijana alinieleza kwamba zamani walikuwa wakirudia kufua karibu kila siku kwa ajili ya ndege hao, mpaka mpishi mwanamama alipopanda juu siku moja kuja kutupa maganda na kuliona tatizo kwa macho yake. Pipa la mabaki ya jikoni lilikuwa hapohapo paani, wazi, hatua chache kutoka kwenye kamba. Wakaliteremsha chini, wakalifunika na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Kunguru wakapungua na kurudia kufua kukapungua. Hakuna mtaalamu aliyelipwa kwa ushauri huo. Mpishi na mfuaji walizungumza, basi.

Maji ndiyo yaliyonifurahisha kuliko yote. Unguja inaishi kwa maji ya ardhini, ya visima na chemchemi, na kisiwa chenyewe ni mawe ya matumbawe. Maji yakipita kwenye mawe hayo yanakuwa magumu. Sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinafifia na kuwa za kijivu, taulo likikauka linakwaruza ngozi. Mfuaji asiyejua sababu anaongeza sabuni, kisha anaongeza kilainishi, kisha Jiki, kisha anasuuza mara ya tatu ili kuitoa sabuni aliyoizidisha. Yote hayo yanateremka mferejini, na maji machafu ya Mji Mkongwe kwa miaka mingi yamekuwa yakiishia baharini.

Hoteli hii inakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati na kuyahifadhi kwenye tangi la peke yake, na tangi hilo ni la dobi tu. Maji ya mvua ni laini. Kijana alitaka nione kwa macho. Akateka mabeseni mawili, moja maji ya bomba, moja ya mvua, akatia kijiko kilekile cha sabuni ya unga kila beseni na kukoroga kwa mkono. Beseni la mvua likafura povu mpaka ukingoni. La bomba likatoa povu kidogo lililozimika hapohapo, ukabaki utando mweupe unaoteleza ukiugusa. Huo utando ndio unaojishika kwenye nyuzi za taulo na kulifanya gumu. Miaka yote niliyokaa kwenye dobi nilikuwa najua jambo hili kwa mikono, lakini sijawahi kuona mtu akilionyesha wazi namna ile, tena kijana ambaye umri wake ni wa mwanangu wa mwisho. Wanatumia karibu nusu ya sabuni waliyokuwa wakitumia zamani. Kwenye maji ya mwisho wanatia siki nyeupe kidogo badala ya kilainishi cha dukani. Inaondoa mabaki ya sabuni, na harufu yake inapotea nguo ikipigwa na jua. Jiki wameifungia kabatini, inatoka kwa ruhusa. Weupe wanauachia jua. Madoa ya hina, na msimu wa harusi hayakosekani, wanayapaka ndimu na chumvi na kuyaanika. Mengine yanafifia, mengine hayatoki kabisa, na shuka lisilotakata linakatwa vitambaa vya kufutia vioo.

Kasoro iko kwenye ukubwa wa tangi. Linatosha masika na vuli. Kaskazi ikikaza, Januari na Februari, linakauka, na huo ndio wakati watalii wamejaa. Nilipokuwa pale lilikuwa limebaki maji kidogo sana chini. Nafasi ya tangi la pili ipo, niliiona. Meneja aliniambia kwamba fedha za mwaka zilikwenda kwenye kupamba upya ukumbi wa mapokezi. Hapo sikukubaliana naye, na nilimwambia kwa heshima kwamba mgeni halali mapokezi.

Sasa niende chumbani. Tulipewa ghorofa ya pili, dirisha moja linatazama kichochoro na jingine linatazama ua wa ndani. Nyumba ni ya mawe na chokaa, kuta nene za karibu nusu mita, juu boriti za mikoko. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana unafuata urefu wa boriti, ambao hauzidi sana mita tatu. Waliozijenga nyumba hizi hawakuwa na kiyoyozi, walikuwa na ua. Hewa ya moto inapanda kupitia uani na kutokea juu, na ikipanda inavuta hewa ya chini kutoka vichochoroni, ambako jua haliingii sana. Fungua dirisha la nje na la ndani kwa pamoja, simama katikati, utausikia upepo unapita miguuni. Ilikuwa kaskazi, joto la kuchosha, na alasiri chumba kilikuwa kinalalika kwa pangaboi peke yake. Pangaboi linakula wati 60 hadi 75. Kiyoyozi kidogo kabisa cha chumbani kinakula zaidi ya mara kumi ya hapo kikiwa kinafanya kazi. Kwa hiyo nyumba yenyewe, kabla hata hujafunga paneli moja, imeshabeba sehemu kubwa ya kazi, na wenye hoteli wanastahili shukrani kwa kutoziba ua wakaufanya mgahawa wenye paa la kioo, kama ilivyofanywa kwingine.

Kiyoyozi kipo, ila rimoti unaiomba mapokezi. Hulipi nyongeza na huulizwi sababu. Mama yetu mdogo ana presha na joto linamsumbua. Aliomba, akaletewa rimoti na jagi la maji juu yake. Utaratibu huo nimeupenda, unamkumbusha mgeni ajaribu dirisha kwanza na haumwaibishi anayehitaji. Tatizo ni madirisha. Yale ya mbao yenye luva yametengenezwa ili hewa ipite, na ukiwasha kiyoyozi baridi yote inatokea kichochoroni. Vyumba vichache vya mbele vimewekewa vioo kwa ndani, vya kwetu bado. Kama wataweka viyoyozi basi waweke na vioo, vinginevyo umeme unamwagwa nje.

Kwenye ngazi kuna sehemu ya ukuta iliyozibwa kwa saruji, na yeyote anayepanda anaiona: rangi imevimba na kubanduka, unyevu umepanda mpaka kiunoni. Mawe na chokaa vinaingiza unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia ndani, na chokaa iliyo nyuma yake inalika polepole. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, na watu walikufa. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ya zamani si jambo la urembo tu. Niliambiwa kiraka hicho ni cha fundi wa zamani na kwamba sasa wanatumia chokaa peke yake. Sehemu mpya nilizigusa, ni kavu kweli. Basi wakibandue na kiraka chenyewe.

Bafuni nilifanya kipimo changu cha siku zote. Niliomba ndoo ya lita 10, nikaiweka chini ya bomba la mvua, nikafungua maji mpaka mwisho huku natazama saa ya simu. Ilijaa baada ya dakika moja na robo hivi, maana yake ni lita nane kwa dakika. Bomba la zamani linalotoa lita 15 linaijaza ndoo hiyo ndani ya sekunde 40. Na maji yana nguvu: nilikuwa nimesuka na kupaka mafuta ya nazi, yakatoka yote. Maji ya moto ya sola yanachelewa kufika, na yale ya baridi yanayotangulia wamekuwekea ndoo na kata ya kifuu uyakinge. Mtandikaji anakuja kuyatumia kusafishia choo. Ndoo nyingi za aina hiyo nimeziona hotelini zikiwa kavu na zina vumbi. Hii ilikuwa inatumika, nilimwona dada akiibeba.

Vichupa vya shampuu hakuna. Kuna kipande cha sabuni ya mwani na mafuta ya nazi, kimekatwa kidogo kwa kipimo cha mgeni wa siku chache, na dodoki la kujisugulia ambalo unaondoka nalo. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni akina mama wa pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani. Mwani mkavu ukiuzwa kwa gunia unawapa kidogo. Ukifanywa sabuni palepale kisiwani, bei inabaki kijijini. Hili limenigusa sana. Kule nilikostaafia kanuni ilikuwa mgeni mpya, vichupa vipya, hata kama wa jana alitumia tone moja. Tulikuwa tukivitupa magunia kwa magunia, na mwenzetu mmoja alipewa barua ya onyo kwa kupeleka masalia nyumbani kwake.

Nije kwenye kile kikadi cha taulo, maana ndicho wageni wengi wanachokiulizia. Kimewekwa juu ya mto, kimeandikwa kwa Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa. Kiswahili hakimo, wakati hoteli ilikuwa imejaa sisi watu wa harusi. Kinasema ukitaka taulo libadilishwe liweke chini, ukitaka kuendelea nalo litundike. Nilitundika. Niliporudi nikakuta taulo jipya. Nikatundika tena, likaja jipya tena.

Wageni wengi wakiona hivyo wanasema hoteli ni waongo. Mimi najua linavyotokea, kwa sababu nimekuwa upande huo. Mtandikaji akimaliza chumba, msimamizi anapita kukagua. Akikuta taulo lenye mikunjo kwenye chuma, hana njia ya kujua kama mgeni ameamua kulibakiza au mtandikaji amevivia kazi. Atakayeandikwa ni mtandikaji. Kwa hiyo anabadilisha yote ili ajilinde. Kikadi kimempa mgeni haki ya kuamua, lakini hakikumpa mfanyakazi kinga. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kwenye karatasi ya zamu iongezwe safu ya mataulo yaliyobakizwa, mtandikaji atie alama, msimamizi asaini. Hoteli moja ya Dar tuliweka safu hiyo, na mzigo wa mataulo ukashuka bila kuchapa kikadi chochote. Nilimweleza msimamizi wa hapa, mwanamke makini, akalitoa daftari lake na kuandika.

Kuna jambo jingine la watu ambalo wakaguzi hawaliulizi. Siku hizi hoteli nyingi zinamwomba mgeni aruke usafi wa chumba, kwa ajili ya mazingira. Maji na sabuni vinaokolewa, sibishi. Lakini mjini watandikaji wengi ni vibarua wa siku. Vyumba vikipungua, wanaoitwa kazini wanapungua, na chumba kilichoachwa siku kadhaa bila kuguswa kinamwangukia mtu mmoja kwa muda uleule wa chumba cha kila siku. Anayelipa gharama ya uhifadhi huo ni mama anayetoka Mwanakwerekwe kwa daladala, na anayesifiwa ni mwenye hoteli. Hapa niliuliza moja kwa moja, na niliwauliza wao wenyewe, sikumuuliza meneja. Watandikaji wanalipwa kwa mwezi. Siku ambazo vyumba vichache wanaingia kwenye kazi nyingine za nyumba: kushona mapazia, kupaka chokaa, kushindilia sufi kwenye magodoro ya barazani. Bakshishi inaingia kwenye kisanduku kimoja na kugawanywa kwa wote, mpaka wa dobi. Mimi hilo nalihesabu sawasawa na sola.

Chai ya asubuhi niipitie kwa ufupi, ingawa ilikuwa tamu. Mbaazi za nazi, mahamri, chapati, mkate wa kumimina, maembe, juisi ya ukwaju. Siagi na jemu viko kwenye vibakuli, hakuna vipakiti. Chakula wanapika kidogo kidogo na kuongeza, kwa hiyo ukichelewa unasubiri chapati yako, na inakuja ya moto. Maganda na mabaki yanakwenda kwenye pakacha, na kila siku mfugaji mmoja anakuja na baiskeli kuyachukua. Taka za chakula zikirundikwa jaani zinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo, uzito kwa uzito, inatia joto dunia kuliko hewa ukaa. Zikiliwa na ng'ombe na kuku, jaa la Kibele limepunguziwa mzigo na mfugaji amepunguziwa gharama ya pumba.

Kwenye maji ya kunywa walianza vizuri wakanivunja moyo mwishoni. Chumbani kuna chupa ya kioo, na kwenye kila ngazi kuna chujio unajaza mwenyewe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na tofauti mitaani tunaiona wote. Chupa za maji bado ni tatizo. Pamoja na hayo, wageni wanaokwenda kisiwa cha Changuu au msitu wa Jozani wanafungashiwa chakula na chupa ndogo mbili za plastiki, na kijiko cha plastiki. Jikoni waliniambia ni sharti la kampuni inayowaletea wageni, eti wateja wao wanaogopa kuumwa tumbo. Hoteli yenye chujio kwenye kila ngazi na imani nalo ingenunua chupa za chuma na kuziazimisha kwa amana. Wafungashaji wenyewe wanalitaka hilo, niliwasikia.

Usiku wa hina umeme ulikatika. Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza wa mwaka 1980 na mkubwa zaidi wa mwaka 2013. Watu wazima wa mji huu hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza, jenereta zikinguruma kila kichochoro. Hapa betri za sola zilishika papo hapo: taa za korido, mapangaboi, intaneti, vyote vikaendelea, na wasichana wakaendelea kuchorwa. Viyoyozi na majokofu ya jikoni ndivyo vinavyosubiri jenereta. Na jenereta hiyo imewekwa uani. Ilipowashwa, moshi wa dizeli ukapanda kwa njia ileile ya hewa niliyoisifu hapo juu, ukaingia vyumba vyote vya ndani. Ua unaovuta upepo unavuta na moshi. Tulilazimika kufunga dirisha la ndani, upepo ukakatika, na mama mdogo akakosa usingizi. Hii kwangu ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, kubwa kuliko mataulo, kwa sababu inaharibu kitu bora walichonacho. Wakiongeza betri za kubeba majokofu, jenereta itapumzika usiku mwingi. Au waijengee bomba la moshi mpaka juu ya paa.

Ukutani mapokezi kuna cheti. Sivibezi vyeti. Green Key, cheti cha hoteli zinazotunza mazingira kilichoanzia Denmark mwaka 1994, kinafahamika nchi nyingi, na jirani zetu wa Kenya wana shirika la Ecotourism Kenya, linalozipanga hoteli kwa madaraja ya shaba, fedha na dhahabu tangu mwaka 2002. Mkaguzi akija, wakubwa wanashtuka na mambo yanatengenezwa. Lakini mkaguzi anakuja kwa miadi, mgeni anakuja siku yoyote. Omba kupandishwa kwenye dobi. Hoteli inayofanya inachosema haitakuzuia, na hii haikunizuia.

Bei ya mkaazi kwa chumba cha watu wawili na chai ya asubuhi tulilipa shilingi 150,000. Kwa Mji Mkongwe msimu wa kaskazi ni bei ya haki. Wazee wasioweza ngazi wana chumba kimoja tu cha chini, kiwahiwe mapema. Gari haifiki mlangoni. Teremkia Darajani, mchukuzi wa mkokoteni atakufikisha. Omba ghorofa ya pili au ya tatu, chumba chenye dirisha la kichochoroni, na ukae mbali na pembe ya jenereta. Taulo ukitaka kulibakiza, usitegemee kikadi. Muone mtandikaji asubuhi, msalimie, mwambie, kisha uandike kwenye kikaratasi kwamba taulo umelibakiza mwenyewe, uweke na namba ya chumba, umpe. Msimamizi akipita kukagua, atakuwa na kitu cha kumwonyesha.